Kamba ya Kuanikia

Shuka niliyoianika asubuhi
mpaka laasiri bado nyeupe.
Nimeipitishia kiganja, nimekinusa kiganja:
sabuni, na jua. Basi.
Miaka kumi na tisa sijaona shuka ikafika laasiri.

Wageni wa mjini walikuwa wakisema
kwenu kunanukia, jamani, mmejaaliwa.
Walinusa mara moja wakapanda gari.
Sisi tuliinusa karafuu mpaka ikawa haina harufu,
ikawa kitu cha kooni,
cha kwenye mto wa kulalia, cha kwenye titi la mama.
Makonyo yaliingia kwa magunia, mafuta yalitoka kwa madebe,
na kilichobaki katikati, kile kisicho na bei,
tuliachiwa sisi:
moshi juu ya bati, na maji meusi ya mtaroni
yakiteremka taratibu hadi bonde la mpunga.
Wali wa Bondeni ulikuwa na ladha ya dawa ya meno.
Tulicheka, tukala.

Shaame alikuwa mtu wa tanuri. Kuni, shepe, jasho.
Kitambaa chake cha kichwa nilikifua maji matatu
na ya tatu bado yanatoa wino.
Nilifua na maovaroli ya wenzake, thelathini na moja kila Ijumaa.
Hiyo hesabu ndiyo iliyoezeka bati hizi,
ndiyo iliyomnunulia Raya daftari za skuli,
ndiyo iliyomnunulia Raya dawa ya kifua.

Karatasi ilipopita, sheha Ngwali mwenyewe kashika kidau,
nilikuwa kwenye beseni, mapovu mpaka kiwikoni.
Nikajifuta dole gumba kwenye ovaroli la mtu,
nikalitia.
Sikumwambia Shaame.
Usiku tulikula sinia moja, dole langu bado buluu,
yeye anamega, mimi namega,
wala hakuuliza.
Au aliuliza kwa kunyamaza, sijui.

Wakaja wenye chupa, wakateka maji ya mtaro.
Baada ya mvua mbili wakaja wenye kufuli.
King'ora kililia mara ya mwisho saa tisa na nusu,
na tangu siku hiyo wanawake wa Bondeni
tunaunguza mchuzi.

Vyura wamerudi. Hilo silifichi.
Usiku wanapiga kelele kama watu wa arusi,
na Raya analala, analala
mpaka naamka kumwekea kidole puani,
kwa vile nilivyozoea kumsikia.

Lakini Mize aliyekuwa akiuza uji langoni
kaligeuza sufuria lake kifudifudi, kuku wanalalia juu.
Nyumba tatu zimepigiwa mbao milangoni,
wenyewe wako Unguja, kwenye hoteli za Nungwi,
wanafagia mchanga.
Beseni langu linashinda juani, limepasuka ukingo.
Ijumaa hii: mashati mawili ya mwalimu.

Shaame leo kaondoka bila kofia.
Nikaichukua, nikamfuata; kofia ilikuwa udhuru tu.
Nimemkuta kasimama getini, kashika nondo kwa mikono miwili
kama mtu aliyekuja kumtazama mgonjwa
akaambiwa saa za kutazama zimepita.
Ndani, tanuri limeachama. Mpapai umeota kwenye majivu.

Hakugeuka. Akasema:
"Ile karatasi walitubandikia hapa ukutani.
Lile dole lenye kovu la mundu, nililijua siku ileile."

Nikasimama na kofia ya mtu mkononi.
Nilikuwa na maneno. Yote yalikuwa ya kweli,
na hakuna hata moja lililotaka kutoka.

Kisha akauliza, shuka imekauka?
Nikasema, imekauka.
Haina doa?
Haina.
"Alhamdulillahi," akasema,
akaichukua kofia akaivaa,
na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikiligeuza lile neno,
ndani nje, ndani nje, kama nguo ya kukamua:
alishukuru,
au alisema kama tunavyosema
pale lisilozuilika limeshapita.